Nani Atawasomea Wenyewe? Chuo Kikuu na Maandiko ya Mji wa Lubumbashi

1. Utangulizi

Siku hizi neno "ushirikiano" halikosekani katika hotuba yoyote ya kufungua mwaka wa masomo. Chuo Kikuu, tunaambiwa, hakina budi kushirikiana na jamii inayokizunguka. Hakuna anayepinga. Lakini neno lisilopingwa na mtu yeyote huwa limekwisha kupoteza makali yake, na ni kazi ya mhakiki kulirudisha kwenye jiwe la kunolea.

Wachumi watalipima neno hili kwa mikataba, na waganga kwa idadi ya wagonjwa waliohudumiwa. Sisi tulio katika taaluma ya lugha tuna kipimo chetu, nacho ni maandiko. Chuo kinapochukua maneno ya watu na kuyafanya kitabu, hapo ndipo tunapoona kwa uwazi nani alitoa, nani alipokea, na kilichopokelewa kiliishia wapi. Katika makala haya tutachambua kazi tatu zilizozaliwa kati ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mji wake: tamko la maboyi la mwaka 1965 lililochapishwa kuwa kitabu mwaka 1990, mchezo wa Kundi la Mufwankolo wa mwaka 1986, na mradi wa ukumbusho wa Lubumbashi ulioanza mwaka 2000. Tutaonyesha kwamba kazi hizi zimepanda ngazi moja baada ya nyingine, lakini ngazi ya mwisho bado haijakanyagwa.

2. Chuo na mji wake

Yafaa kwanza kukumbuka nani alitangulia. Mji ulianza mwaka 1910, miaka minne baada ya kuundwa kwa Union Minière du Haut-Katanga. Chuo Kikuu kilianzishwa kwa amri ya mwaka 1955, kikiitwa Chuo Kikuu Rasmi cha Kongo na Ruanda-Urundi, na kufungua milango yake mwaka 1956. Kwa hiyo Chuo kiliukuta mji ukiwa na umri wa mtu mzima, na ukiwa na lugha yake. Kiswahili cha Elisabethville kilikuwa kimekwisha kukomaa katika makambi ya wafanyakazi, katika soko na katika majiko ya Wazungu, wakati mihadhara ya kwanza ilipotolewa kwa Kifaransa.

Tangu hapo mji na Chuo vimebadilishwa majina pamoja. Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966. Chuo kikamezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikarudishiwa jina lake la pekee mwaka 1981. Usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei 1990 kampasi ilishambuliwa na wanafunzi wakauawa. Baada ya hapo ushirikiano wa kiserikali na Ubelgiji ulikatika, na wafadhili wengi wakaondoka.

Tukio hilo linatufundisha jambo ambalo ripoti za ushirikiano hulisahau. Mshirika wa mbali alipoondoka, mshirika wa karibu alibaki. Katika miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipokuwa haitoshi hata kununua gunia la unga, ni michango ya wazazi iliyowaweka waalimu darasani. Mama aliyeuza mkaa na baba aliyestaafu Gécamines walikuwa wafadhili wa elimu ya juu, ijapokuwa hakuna nembo yao iliyobandikwa mlangoni. Basi swali si namna gani Chuo kitaanza kushirikiana na jamii. Jamii imekwisha kuanza zamani, tena kwa mfuko wake. Swali ni Chuo kimerudisha nini.

3. Maandishi yaliyotaka sauti

Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa Elisabethville kilitoa kijitabu kilichopigwa mashine, chenye jina la Kifaransa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mtungaji wake aliitwa André Yav. Licha ya jina hilo si kamusi hata kidogo. Ni historia ya mji tangu kuja kwa Wazungu, iliyosimuliwa na watu waliowapikia, waliowafulia na waliowalelea watoto. Boyi alisimama nyuma ya kiti wakati bwana akila; aliyasikia mengi ambayo hayakuandikwa katika kumbukumbu za kampuni wala za serikali.

Kijitabu hicho kilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1990 akakichapisha katika kitabu History from Below, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho wa Vienna, na insha ndefu ya ufafanuzi. Haki na itendeke: jina la André Yav limewekwa katika anwani yenyewe ya kitabu, na jina la Kalundi Mango, msaidizi Mkongo, nalo limetajwa waziwazi. Wangapi kati yetu tunawatendea hivyo wale wanaotupa habari?

Uzuri wa kitabu hiki umo katika tatizo lake. Maandishi ya awali hayakufuata tahajia yoyote iliyokubaliwa. Maneno yameunganishwa pasipostahili na kukatwa pasipokatika; vituo havina utaratibu. Fabian alipojaribu kuyasoma kimya, akashindwa. Ndipo Kalundi Mango alipoyasoma kwa sauti mbele ya mashine ya kunasia, na maana ikajitokeza. Hapo ukagunduliwa ukweli mkubwa: haya hayakuwa maandishi mabovu, bali maandishi yaliyokusudiwa kusikiwa. Mwandishi wake aliandika kama mtu anayezungumza barazani, akitegemea kwamba atapatikana mtu wa kuyasoma na wengine wa kuyasikiliza.

Lakini hapa ndipo tunapotofautiana na kitabu. Baada ya kugundua kwamba maandishi yanataka sauti, kitabu kiliyarudisha kwenye ukimya. Kilichapishwa Ulaya, kwa bei ya maktaba za Ulaya, na ufafanuzi wake wote ukawa wa Kiingereza, lugha ambayo maboyi wa Elisabethville hawakuwa nayo, na ambayo hata wanafunzi wetu wengi wanaisoma kwa tabu. Ni kweli kwamba mwaka 2001 matini ya Kiswahili iliwekwa bure kwenye intaneti, na hilo ni jema. Hata hivyo mtu aliyezoea kuisikia historia yake barazani hatakwenda kuitafuta kwenye kompyuta.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba matini yenyewe haistahili kurudishwa, kwa kuwa ni Kiswahili kibovu. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, nasi tunaikataa kwa sababu za kiisimu. Kiswahili cha Lubumbashi kina kanuni zake. Kiambishi tamati "-aka" kinatumika kwa utaratibu kuonyesha jambo lililopita au la mazoea. Viambishi "ka-" na "tu-" vya kudogosha vinapatana na lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka. Tuchukue neno moja tu, "kutumika". Katika Kiswahili sanifu kitu hutumika, kama vile nyundo au kisu. Katika Lubumbashi mtu hutumika, yaani hufanya kazi: fulani alitumika Gécamines miaka 30. Mhariri wa sanifu akikutana na neno hili anaweza kufanya moja ya makosa mawili. Akiliacha, msomaji wa Dar es Salaam atadhani mtu amegeuzwa chombo. Akilisahihisha kuwa "kufanya kazi", atafuta kitu ambacho neno linakibeba: boyi alifanya kazi, na papo hapo alitumiwa. Mji uliozaliwa na kampuni uliona kwamba mambo hayo mawili ni neno moja. Hakuna kamusi ya sanifu inayoweza kutufundisha hilo, maboyi wanaweza.

4. Madaraka mbele ya wanakijiji

Kazi ya pili ina sura nyingine. Kundi la Mufwankolo lilikuwa linajulikana na watu wote wa Shaba kwa michezo yake ya redio na baadaye ya televisheni. Chuo hakikulivumbua. Wanaisimu walilifuata kwa sababu ya lugha yake, na mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha Vienna uchunguzi wa michezo yake. Mwaka 1986 Fabian alirudi Lubumbashi, akawauliza wachezaji maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Badala ya kumjibu kwa maelezo, walimjibu kwa mchezo. Walijadiliana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi. Hatimaye mchezo ukachezwa katika kijiji cha Kawama na kuonyeshwa kwenye televisheni. Kitabu Power and Performance kilitoka mwaka 1990, kikiwa na matini za Kiswahili za mazoezi na mchezo.

Tofauti na kazi ya kwanza ni kubwa. Hapa swali la mtaalamu lilizaa kitu ambacho wenyewe walikitumia kabla ya kuwa kitabu. Wanakijiji wa Kawama waliona tafsiri ya msemo huo, wakacheka na kutafakari, miaka minne kabla ya msomaji wa Marekani kufungua ukurasa wa kwanza. Tusisahau wakati ule ulikuwa wakati gani: mwaka 1986 Chama kimoja kilikuwa kingali kinatawala, na kuzungumza hadharani juu ya ulaji wa madaraka haikuwa michezo tu. Swali la kitaalamu liliwapa wachezaji nafasi ya kusema, na kicheko kikawapa kinga.

Kasoro yake ni kwamba mtindo huu ulitegemea mtu mmoja. Profesa mgeni aliuliza, kundi likaitika, profesa akaondoka. Mhadhiri wa hapa nyumbani hakupangiwa nafasi ya kuuliza swali la pili. Ushirikiano unaoondoka na mtu, hata ukiwa mzuri namna gani, ni urafiki; taasisi bado haijashiriki.

Kasoro hiyo hiyo inaonekana katika kisa cha mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia nzima ya Zaire katika picha takriban 100, akieleza kila moja kwa Kiswahili. Kazi hiyo ikawa kitabu mwaka 1996, nazo picha zikaishia katika jumba la makumbusho la Amsterdam. Mtoto wa Lubumbashi anayetaka kuona jinsi jirani ya babu yake alivyoichora nchi yake hana budi kuomba viza.

5. Ukumbusho

Mwaka 2000 ulianza mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, ukiongozwa na wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu Laval, Kanada. Hapa mambo yaligeuka. Makao ya mradi yalikuwa Lubumbashi kwenyewe. Wachunguzi wake wengi walikuwa waalimu na wanafunzi wa hapa. Na mahali pa kuonyesha palikuwa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Watu wa mji walitoa vitu vya nyumbani mwao na kusimulia maana yake, kisha wakaalikwa kuja kuvitazama.

Hata neno lililochaguliwa lilitoka mjini. Katika Kiswahili sanifu ukumbusho ni alama ya kukumbusha, kama mnara au barua. Lubumbashi neno hili lilikuwa limekwisha kuwa jina la aina ya sanaa: picha inayotundikwa ukutani sebuleni ili mwenye nyumba na mgeni wake wapate kuzungumza juu ya mambo yaliyopita. Mradi ulipolichukua neno hilo kwa machapisho yake, ulikubali kwamba watu wa mji walikuwa na nadharia yao ya historia kabla ya wanahistoria kufika.

Na mji ulihitaji kukumbuka. Gécamines ilikuwa imeanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 2001, juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao, ambaye ni kampuni. Kwa mtu aliyezaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni na kula unga wa kampuni, kumbukumbu si anasa. Ni hati ya kudai kwamba alikuwapo.

Hata hivyo tuvitazame vitabu vyenyewe. Vingi vilichapishwa Paris. Majina yake ya juu yanatumia neno letu, lakini kurasa zake ni za Kifaransa, na maneno ya wasimulizi yamewekwa humo kama chumvi katika mboga. Maonyesho yalirudi kwa wenyewe, maandiko hayakurudi. Ngazi moja bado.

6. Swali la soko

Msomaji atauliza kama jambo hili lina uzito nje ya fasihi na historia. Lina uzito wa uhai. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven walichapisha uchunguzi juu ya metali zilizomo katika mkojo wa wakaaji wa sehemu za migodi na viyeyusho vya Katanga. Walikuta viwango vya kobalti vilivyo miongoni mwa vikubwa kabisa kupata kuandikwa kwa watu wa kawaida. Mwaka 2018 ukafuata uchunguzi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya makao yao. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ripoti zake ni za Kiingereza, nayo ndiyo sheria ya majarida ya sayansi. Lakini aliyetoa mkojo wake na vumbi la sakafu yake anahitaji maneno ya kumwambia kilichoonekana humo. Jinsi ya kusema "kiwango kinachozidi kawaida" kwa Kiswahili cha Kasulo bila kutia hofu wala kuficha, hiyo ni kazi ya nani kama si ya mwanaisimu?

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, yanipasa kusema juu yangu mwenyewe. Tasnifu yangu ya lisansi ilihusu maneno ya biashara. Niliwanasa akina mama wa soko moja kwa saa nyingi, nikaandika kurasa zaidi ya 100, nikafaulu. Miaka sita baadaye nilipita pale kununua maharagwe. Mama mmoja akanitazama, akasema:

– Mutoto yangu, ile masauti yetu, uliyipelekaka wapi?

Sikuwa na jibu. Sauti zao zilikuwa katika sanduku chini ya kitanda changu. Juma lililofuata nilirudi na mashine, nikawasikilizisha, kisha nikaanza kuwasomea maelezo yangu kwa Kiswahili chao. Walicheka sana, hata nilipofika kwenye neno "matabishi". Nilikuwa nimeandika kwamba ni kile kidogo ambacho mwuzaji humwongezea mnunuzi bure. Mama yule akanikatiza.

– Hapana, Profesa. Si bure. Ni ile inamufunga mutu, arudie kesho.

Kwa sentensi moja alikuwa amesahihisha ukurasa ambao wahakiki watatu wa tasnifu waliupitisha. Kumbe si zawadi hata kidogo. Ni kifungo cha uhusiano. Kama ningaliwasomea kabla ya kuitetea tasnifu, ingalikuwa bora zaidi. Kutowarudishia hakukuwa ukosefu wa adabu peke yake; kulikuwa pia ukosefu wa elimu.

7. Hitimisho

Tumeona ngazi tatu. Katika ya kwanza, maneno yalichukuliwa, yakaheshimiwa, yakabaki mbali. Katika ya pili, wenyewe waliyatumia kabla ya kitabu, lakini uhusiano uliondoka na mtu. Katika ya tatu, taasisi ya hapa ilishika usukani na vitu vikaonyeshwa nyumbani, isipokuwa maandiko yenyewe yaliongea lugha nyingine. Ngazi ya nne ni kuwasomea wenyewe kile tulichoandika juu yao, katika Kiswahili wanachokisema, na kuwaacha watusahihishe.

Hatudai fedha nyingi. Tunapendekeza mambo matatu kwa wakuu wa idara na kwa wanafunzi wetu. La kwanza, kila tasnifu iliyojengwa juu ya maneno ya watu wa mji iwe na muhtasari wa Kiswahili cha mji, usomwe kwa sauti mbele ya waliotoa habari kabla ya siku ya kuitetea, na masahihisho yao yaingizwe. La pili, nakala moja ya sauti ibaki katika komini ilikonaswa, iwe Kenya, Katuba au Rwashi, kwa ridhaa ya wenyewe. La tatu, matini ya André Yav isomwe tena kwa sauti hapa hapa, na watoto na wajukuu wa maboyi wakaribishwe kuisikiliza. Iliandikwa kwa ajili hiyo.

Tunajua tutaulizwa: na makala haya je, mbona yameandikwa kwa Kiswahili sanifu, ambacho mama wa soko hatakisoma? Swali ni la haki. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa bila kusema ni Kiswahili kipi. Sisi tunatumia sanifu ili tuelewane na wenzetu wa Kisangani, Bukavu na Dar es Salaam, wala hatuoni aibu. Ila tumekwisha kuweka ahadi: toleo hili likitoka, yaliyomo humu yatasemwa upya sokoni, kwa maneno ya pale. Tukisahihishwa, wasomaji wa taarifa hii wataelezwa katika toleo litakalofuata.